Kamba ya Mbuzi na Mtihani wa Marcellin

Mume wangu Marcellin alikuwa akifurahi kwa mwili mzima. Akipata habari njema hakai kitini: atazunguka nyumba, atasalimia kuku, atanikumbatia hata kama mikono yangu imejaa unga wa muhogo. Kwa hiyo siku ile ya mwaka 1968, aliporudi kutoka mkutano wa walimu huko Masisi, nilimwona tangu bondeni akipanda kilima cha kwetu, upande wa Nyamitaba, huku akirukaruka na koti lake begani. Nikajua kwamba nyumbani hakutakuwa na amani tena.

"Adelaïde! Kutakuwa examen moja kwa mashule yote!" aliita kabla hajafika uani. "Masisi, Walikale, fasi yote! Maulizo ileile, siku ileile!"

"Njo unaruka juu ya ile?" nilimuuliza, maana sikujua mtu anayeruka kwa sababu ya mtihani.

Lakini alikuwa na haki ya kuruka. Mpaka mwaka ule kila shule ilijipima yenyewe. Shuleni kwetu mwalimu aliuliza, darasa zima likaitikia kwa pamoja kama kanisani, na wote wakafaulu. Sasa kila mtoto angejibu peke yake. Tena baada ya karatasi kungekuwa na kazi ya mikono: mtoto atapewa kiwanja, akipime, akipigie hesabu, akiwekee vijiti vya alama, halafu amweleze kazi yake mtu ambaye hakusoma, kwa lugha ya nyumbani, mpaka mtu huyo aelewe.

"Na bakikosa?" nikauliza.

Hapo ndipo alipokaa. Shule ambayo watoto wake watashindwa itanyang'anywa darasa la sita. Darasa hilo Marcellin alikuwa ameliomba kwa mapadri mpaka wakachoka naye, na matofali yake aliyabeba mwenyewe kichwani. Kabla yake, watoto wetu waliishia la tano wakarudi kushika jembe, hasa wasichana, maana nani angemtuma binti yake kwenda kulala Masisi mjini? Darasa likifungwa, wasichana wote wa kilima wamekwisha. Nilimwona akiyafikiria hayo, na mimi pia moyo uliniuma.

Haikuchukua muda akasimama tena, anang'aa. "Tutajizoeza!" akasema, akatoka nje, akamfungua mbuzi wangu na kuondoka na kamba yake.

Kamba ile ilikuwa ndefu na nzuri, ya katani. Marcellin aliifunga mafundo, kila mita fundo moja, na hakunirudishia kamwe. Mbuzi alizunguka kilima kizima akila mboga za watu, na lawama zote zilikuja kwangu. Kisha akachonga vijiti na kuvipaka rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupakwa mlango wa kanisa, ili vionekane kutoka mbali. Alivipenda vijiti vile kama vifaranga. Kila asubuhi alitoka na darasa lake la sita, wakakimbia mashambani, wakavuta kamba, wakapiga kelele za namba kwa Kifaransa, wakachomeka vijiti, na yeye nyuma yao akiandika na kucheka.

Sasa, mtu yeyote aliyezaliwa kwenye kilima chetu angeweza kumwambia kosa lake. Mimi mwenyewe ningeweza, kama hasira ya mbuzi isingeniziba macho.

Kwetu kuna watu waliomwona mzungu wa pareto alipokuja zamani. Alikuja na kamba. Alikuja na vijana waliotaja namba kwa Kifaransa, na vijiti vyenye vichwa vyekundu. Palipochomekwa vijiti, mwaka uliofuata palikuwa na waya, na ndani ya waya pareto yake. Wazee walikumbuka pia kwamba sehemu zilizopona ni zile zilizokuwa na maharage yanayoota, kwa sababu yule mzungu aliona tabu kugombana na akina mama katikati ya maharage yao. Basi dawa ilijulikana.

Watoto walipima asubuhi, na ifikapo alasiri kila walipopima palikuwa pamelimwa na kupandwa. Vijiti vilitoweka. Marcellin alichonga vingine, navyo vikatoweka. Siku moja akaviona: vimesimama kwa mstari katika shamba la Papa Viateur, na maharage yamevipanda yakijizungusha kwa furaha.

"Papa Viateur, ile miti iko ya masomo," alimwambia kwa heshima.

"Miti yenye iko mu shamba yangu iko yangu," alijibu Viateur bila kumtazama. Mzee huyo alipakana na shule, na binti yake wa mwisho, Céline, alikuwa katika darasa lilelile la sita. "Mwalimu, nilikupatia mutoto umufundishe. Sikukupatia shamba."

Marcellin alirudi nyumbani amechanganyikiwa. Aliponisimulia, nilielewa mara moja, nikacheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu, mtoto wa mtumishi wa misheni, alikuwa amewaogofya wakulima wote kwa kamba ya mbuzi! Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Walimkaribisha, wakampa pombe ya ndizi, wakamsikiliza vizuri sana, na alipoondoka wakalima kiwanja cha mpira.

Ndiyo, kiwanja cha mpira, tena siku moja kabla ya mtihani. Ndicho kilichokuwa tambarare pekee, na ndicho kilichopangwa kupimwa. Asubuhi tulikikuta kimekuwa matuta matupu, mbegu zimeshafukiwa, na kilima kizima kimesimama pembeni na majembe, kimevaa nguo za Jumapili.

Inspekta, Monsieur Édouard, mgeni wa huko Butembo, alifika kwa pikipiki. Kazi ya karatasi ilipita salama. Kisha akatoka uwanjani, akafungua mkoba wake mbele ya watu wote, akatoa utepe wa chuma wa kupimia, mpya, na fungu la vijiti vyenye vichwa vyekundu.

"Njo huyu!" akapiga kelele mama mmoja, kana kwamba yule wa pareto ndiye aliyerudi. "Njo mwenyewe sasa!"

Papa Viateur akaweka jembe chini, akatembea mpaka katikati ya kiwanja, akalala chali juu ya matuta.

"Mwalimu," alisema inspekta polepole, "huyu papa analala mu examen juu ya sababu gani?"

Marcellin alivua koti lake, akalivaa tena. Mimi nilikuwa nimejiziba uso kwa kitenge. Nilitaka kulia na nilikuwa nacheka, na sikuweza kuacha kimoja wala kingine.

Ni Céline aliyekwenda. Jina lake ndilo lililokuwa la kwanza kuitwa. Alichukua utepe kutoka mkononi mwa inspekta, akapita matuta kwa uangalifu asikanyage mbegu za watu, akapiga magoti karibu na kichwa cha baba yake.

"Papa, amuka. Tutapima shamba yetu, ile yenyewe, si hii. Na mwisho wa kamba utashika weye."

"Mimi?"

"Mwenye shamba njo anashika."

Mzee alibaki amelala, akiangalia mawingu. Tuliona anafikiri. Yule mzungu hakuwahi kumpa mtu ashike mwisho wa kamba. Kisha Viateur akaamka, akajipangusa udongo, akaupokea utepe kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

Inspekta alijikuna shingo, akasema kwamba maagizo yanataka kiwanja, hayakusema kiwanja cha nani. Wakaenda. Céline alivuta, baba akashika. Alipokosea pembe binti akamsukuma kidogo, naye akasogea. Vijiti vikachomekwa. Binti akapiga hesabu kwenye ubao wake mdogo, akaisahihisha, akasimama mbele ya baba yake kumweleza: huu ni urefu, huu ni upana, na ari moja, mita kumi kwa kumi, ni kama uwanja wa mbele ya kanisa, ule wanaochezea ngoma ya harusi.

"Yako iko ari saba, Papa."

Inspekta akamgeukia mzee. Hapo nikaacha kucheka, maana alama zote za sehemu ile zilikuwa sasa mdomoni mwa mtu aliyetupandia maharage kwenye goli. "Papa, umeelewa ao haukuelewa?"

Viateur aliuchukua utepe, akampa inspekta mwenyewe ncha moja. "Shika," akamwambia. Akaenda nao hadi pembe ya mbali, akarudi kwa upande mwingine, akihesabu kwa midomo, kisha akawageukia wenzake wenye majembe na kupaza sauti: "Ari saba! Ngoma saba za harusi! Na sikumuuliza mutu!"

Ee, kelele zilizofuata! "Na yangu!" "Anza na yangu!" Kila mzazi alimvuta mtoto wake kwa mkono, majembe yakaanguka, mama mjamzito akashika mwisho wa kamba ya mbuzi wangu kwa sababu utepe haukutosha, na inspekta akakimbia kutoka shamba hadi shamba, kofia mkononi, akiuliza "Umeelewa? Umeelewa?" na kujibiwa kwa vigelegele. Marcellin alizunguka akisalimia hata kuku. Nilimkumbatia mimi, mbele ya watu, na sikuona haya.

Matokeo padri aliyatangaza baada ya misa, maharage ya kiwanjani yakiwa yameanza kutoa maua. Darasa la sita lilibaki.

Jioni ile Papa Viateur alikuja kwetu na vijiti vyote vyekundu, amevifunga pamoja, na nyuzi za maharage bado zimevishika. Alikaa, akanywa, akazungumzia mvua. Mwishowe akaelekeza kidevu juu, upande wa waya wa pareto.

"Mwalimu, na ile shamba yenye balibeba kwa baba yangu, batoto banaweza kuipima?"

Marcellin hakucheka. "Ile iko kubwa, Papa. Itaomba kamba murefu na batoto bengi. Labda si mwaka huu."

"Hakuna neno," alisema Viateur. "Darasa ya mwaka wa sita si iko?"

"Iko, Papa."

Akaviweka vijiti nyuma ya mlango wetu, akatuaga, akaenda.