Niliandika "hakuna" kwenye daftari la dawa ya ini la kaka yangu, sasa sijui nimwambieje mama

Habari za muda huu wakuu. Mimi humu ni msomaji tu, sijawahi kuanzisha uzi. Nimeishia la saba na kuandika kunanichukua muda, hivyo mnivumilie. Ninayoyasema yametokea nyumbani kwetu. Sitaongeza chumvi, hata bila chumvi yananishinda kumeza.

Tunaishi Tunduma. Kaka yangu Daudi alikuwa anapakia na kushusha mizigo ya malori hapa mpakani. Mtu wa miraba minne. Mwaka jana akaanza kuchoka ovyo, macho yakawa ya njano, kisha tumbo likajaa maji.

Mtaani wakasema pombe. Wengine wakasema wenzake wa kazini wamemchezea. Kaka hata chupa moja ilikuwa inamlaza.

Hospitali walimpima damu wakakuta kirusi cha homa ya ini, ile B. Daktari alisema huenda amekaa nacho miaka mingi bila dalili, na ini limeshapata makovu.

Pale hospitali kulikuwa na utafiti wa dawa mpya kwa wagonjwa wa aina yake. Walimweleza faida na hatari, wakamwambia anaweza kujitoa siku yoyote. Akasaini mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu najua kuna watakaokuja kusema walimfanya panya wa maabara. Hapana.

Nesi akatupa daftari. Kila siku tujaze mambo matatu: amemeza vidonge, anajisikiaje, na kama ametumia dawa nyingine yoyote, hata ya kienyeji. Hilo la tatu alilirudia mara mbili.

Mama hakusoma. Shemeji, mke wa kaka, ni wa Nakonde upande wa Zambia, Kiswahili cha kuandika kinampa tabu. Kazi ikaniangukia mimi.

Kaka alikuwa ananitania nikiandika. "Mwandishi wa wilaya, hiyo sentensi itaisha leo au nife kwanza?"

Tulikuwa tunacheka wakuu. Wakati huo alikuwa anaendelea vizuri. Tumbo lilipungua, akaanza kutembea hadi barabarani na kurudi.

Ndipo mama akarudi kutoka kwao Isongole na mizizi.

Aliichemsha mpaka maji yakawa meusi, akampa kaka kikombe asubuhi na jioni. Mimi nikachukua kalamu niandike. Mama akanishika mkono. Akaniambia kwa Kindali, hapa natafsiri:

"Usiandike hiyo. Wakijua watamtoa kwenye dawa yao. Ng'ombe wawili wanalima vizuri kuliko mmoja."

Nikamtazama kaka. Akasema tusimuudhi mama, amesafiri mbali.

Nikaandika "hakuna".

Kesho yake nikaandika "hakuna". Hivyo hivyo karibu miezi miwili. Neno fupi, hata mimi mwenye mkono mzito nililizoea.

Tuliporudi kliniki vipimo vya ini vilikuwa vimepanda vibaya. Daktari alipekua daftari ukurasa kwa ukurasa. Akamuuliza mama kama kuna kitu kingine mgonjwa anakunywa. Mama akasema hakuna. Kaka akainamia magoti yake. Daktari akanigeukia.

"Kijana, wewe ndiye unayeandika. Kuna kitu kingine?"

Wakuu, mimi hata dukani nikiongea na muuzaji jasho linanitoka. Na kwetu mtoto hambishii mama yake mbele ya mgeni. Unaweza kumwambia mkiwa nyumbani, kwa sauti ya chini. Mbele ya daktari ni kama kumvua nguo.

Nikasema hakuna.

Daktari akasema basi inaonekana dawa ya utafiti ndiyo inamuumiza, wanaisimamisha kwa usalama wake. Tukarudi nyumbani. Mama akaongeza mizizi, maana sasa ng'ombe amebaki mmoja.

Kaka hakumaliza mwezi. Mwishoni alikuwa ananiita kwa jina la marehemu baba.

Baada ya mazishi nilirudisha daftari hospitali. Daktari alinipa pole. Nikabaki nimesimama. Sijui nguvu ilitoka wapi, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaiweka juu ya daftari.

"Siwezi kukuambia ni mizizi peke yake," akasema. "Ini lake lilikuwa bovu tayari. Lakini tungejua, tungeanza kwa kusimamisha mizizi."

Akaniambia pia kuna wagonjwa wengine wanaotumia dawa ile, na kwamba kifo cha kaka kilikuwa kimehesabiwa kama kosa la dawa. Nikasaini maelezo mapya.

Sasa jambo linaloninyima amani.

Shemeji ana mimba ya miezi saba. Daktari alisema apimwe mapema, na akikutwa na kirusi mtoto akingwe mara tu akizaliwa. Mama amekataa. Anawaambia wote wanaokuja kutupa pole kwamba hospitali ndiyo iliyomuua Daudi kwa dawa za majaribio. Juzi nilipogusia kipimo alisema, "Wamemchukua baba, na mtoto wanamtaka?"

Mtasema nimwambie shemeji kwa siri. Nimeshamwambia. Alilia, kisha akasema hawezi kumvuka mkwe wake wakati msiba bado uko ndani.

Kwa hiyo njia ni moja. Lazima nimwambie mama kwamba si hospitali. Na nikimwambia hivyo nitakuwa nimemwambia ni kikombe chake, na mkono wangu. Kila asubuhi naamka nikiwa nimejipanga. Namkuta anafagia uwanja, ananiuliza kama nimelala salama, najibu nimelala salama. Siku imeisha.

Nilichojifunza ni hiki: mkiulizwa hospitali mgonjwa anatumia nini, semeni, hata aliyekaa pembeni yenu awe mzazi. Aibu ya siku ile ingepita. Hii haipiti.

Matusi nitayapokea, nayastahili. Ila kama humu yupo aliyewahi kumwambia mama yake jambo zito la namna hii, aniandikie alianza na neno gani. Lile la kwanza tu. Shemeji amebakiza wiki chache.