Yule Mkata Bawasiri wa Mnadani

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwanamke wa kulima viazi huku Tlawi na kuvibeba mwenyewe mpaka barabarani. Bawasiri ilinianza baada ya uzazi wa mwisho. Kinyama kilitoka nje, kikavuja damu, nikawa nakaa kanisani kwa tako moja.

Shemeji yangu Paskali, mtu anayejua kila kitu isipokuwa kulima, akanipeleka mnadani kwa jamaa mmoja mwenye koti jeupe lenye madoa. Alijiita mtaalamu. Alinikata nyuma ya duka lake la dawa, nimelala kifudifudi kwenye benchi, ganzi haijakolea vizuri. Alikata pande zote kama mtu anayemenya kiazi.

Kidonda kilipofunga, ndipo mateso yalipoanza. Njia ya haja kubwa ikabana. Choo kikawa chembamba kama kalamu, baadaye kama kamba ya kiatu. Nilikuwa nashika ukuta, nasukuma, nalia, naambulia damu tu. Nikaacha ugali, nikaishi kwa uji. Nguo zikanipwaya.

Nilirudi kwa yule bwana. Hakuinua hata macho kwenye simu.

"Mama, kazi yangu niliimaliza. Hayo ni mawazo tu. Kunywa maji."

Mawazo! Kana kwamba mawazo yangu yanakaa huko chini.

Paskali naye akawatangazia majirani kwamba nimerogwa. Kwake ilikuwa rahisi kuliko kusema alikosea.

Mume wangu, Boay, si mtu wa maneno mengi. Siku moja alinikuta nimejikunja mlangoni mwa choo. Akaazima pikipiki, akanipeleka hospitali. Daktari wa upasuaji alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo mama. Usione aibu, nionyeshe."

"Marahaba."

Alijaribu kupima kwa kidole chake kidogo. Hakikupita.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Mtaalamu."

"Huyo si mtaalamu. Ameondoa ngozi yote, kovu likabana njia. Tutalitoa hilo kovu, tuvute ngozi ya pembeni isiyo na kovu tuishone hapo, njia ipanuke."

Walinichoma sindano ya mgongoni, miguu ikafa ganzi. Nilisikia mikasi ikigonga sinia, lakini maumivu sikuyasikia. Baadaye nikawa nakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kila nitokapo chooni. Choo cha kwanza nilikiogopa kuliko kisu. Kilitoka. Nililia kwa sauti, muuguzi akadhani nyuzi zimekatika.

Nilipopona nikarudi mnadani kuuza viazi. Yule bwana akaniona nimenawiri, akaja mbio na kipaza sauti anachonadia dawa zake.

"Shikamoo mama yangu! Umeona sasa? Hebu waambie wateja."

Sikuitikia. Kipaza sauti chake nilikipokea. Nikawaeleza watu wote: damu, kovu, benchi, na yale mawazo aliyoniambia niyanywee maji. Wafugaji wa Gendabi waliokuwa wakimsubiri waliinuka mmoja mmoja wakaondoka. Paskali alikuwepo. Alijifanya anakagua meno ya mbuzi.

Namshukuru Mungu, namshukuru Boay, namshukuru yule binti. Na wewe unayetokwa na damu ukanyamaza, nenda hospitali, vua nguo, onyesha. Daktari ameona mengi, hatashangaa lako. Ukikutana na mtu anayekata watu nyuma ya duka, usibishane naye. Mwache akamenye viazi.