Fatiha Ishasomwa, Barka Hajamaliza Kusema

Jina lake ni Barka. Lishikeni mapema, kwa sababu kazini kwake mkiuliza Barka mtaulizwa ni Barka yupi. Ulizeni Bi Harusi, hata mlinzi wa getini atawapeleka mpaka mlango wa stoo.

Ndiyo, Bi Harusi. Mwanamume mzima, ndevu anazo, amechuchumaa nyuma ya magunia ya mchele anapanga katoni za maziwa. Chekeni mmalize, kisha tuendelee.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza. Hiyo kampuni inapeleka chakula na barafu kwa wafanyakazi wa bandarini, na stoo yake iko Kililana. Wanaoishi Lamu mjini huvushwa asubuhi na boti ya kampuni mpaka Mokowe, wakifika hapo hupanda gari. Sasa Barka ni mtoto wa Chundwa, kisiwani Pate, amezaliwa maji yako pande zote. Lakini kwao ni watu wa shamba, na yeye na bahari hawajawahi kuelewana. Mtu wa kisiwani kutapika kwenye boti ni kama mwoka mikate anayeogopa unga, lakini ndiyo hivyo, mwili hauulizi umezaliwa wapi.

Asubuhi hiyo maji yalichafuka. Jeti ya Lamu walikopandia boti haijapotea machoni, Barka ashaanza kutapika. Bi Mwanamkisi, mama wa jikoni, akamwonea huruma. Akavua leso, ile kanga yake ya juu, akamfunika kichwa na uso asione mawimbi. Ikasaidia kidogo. Kufika Mokowe miguu haina nguvu, kwa hivyo vijana wakamshika mkono huku na huku, wakamshusha polepole, leso usoni, kichwa kimeinama.

Idarus, msimamizi wa zamu, akapiga kigelegele.

Wallahi kama si kile kigelegele mambo yangeishia palepale. Lakini boti nzima ikajibu, na kuna aliyekuwa ashatoa simu. Saa ya chakula klipu ilikuwa kwenye grupu la kazi, imewekewa na muziki wa harusi. Jioni ikawa stika. Ukichelewa kazini, unatumiwa stika ya Barka na leso. Ukipata mshahara, stika ya Barka na leso. Bosi mwenyewe aliwahi kusema mkutanoni, uso mkavu kabisa, "Hilo la maziwa muulizeni Bi Harusi."

Na ngoja niwaambie kuhusu Idarus, msije mkamfikiria jitu la pembe. Idarus ni mtoto wa mjini, mcheshi, mkono wazi. Mtu akifiwa yeye ndiye wa kwanza kupitisha mchango. Asubuhi haingii kwenye boti bila mfuko wa mahamri ya wote. Tatizo la Idarus ni kwamba hana ubaya. Mtu mbaya ana pa kumshikia.

Barka alijaribu, msidhani alinyamaza tu kama gogo. Siku moja alimvuta kando akamwambia kwamba lile jina linamuudhi. Idarus akamkumbatia. "Weye ni mtani wangu, bwana. Mimi nisipokutania weye, nimtanie nani, bosi?" Akamnunulia na soda. Alasiri stoo nzima ikapata habari kwamba Bi Harusi amenuna, aletewe udi.

Basi Barka akazoea. Au tuseme alijifunza uso wa mtu aliyezoea. Alikuwa anacheka kidogo, sekunde moja kabla ya wenzake, ili ionekane na yeye yumo.

Halafu akachumbia.

Msichana anaitwa Huwaida, wa Langoni, hapo Lamu mjini, mitaa miwili tu kutoka chumba alichopanga Barka. Wazee wakatoka Chundwa, wakapokewa vizuri, jibu likawa ndiyo, nikaha baada ya Maulidi. Barka akarudi kazini na furaha yake, akafanya kosa la kuisema. Wewe unaitwa Bi Harusi, kisha unawatangazia watu kwamba una harusi. Ulitarajia nini, pongezi?

Idarus alipanda juu ya kreti. "Jamani, siku ya nikaha twaya sote, na leso zetu, na vigelegele mpaka mlango wa msikiti. Bi Harusi wetu haendi peke yake."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Klipu ya hiyo hotuba nayo ikazunguka, ikavuka maji, ikafika Langoni kabla Barka hajafika.

Babake Huwaida, Bwana Yunusi, ni mtu wa maneno machache. Alimwita Barka barazani, akamtilia kahawa, akasubiri ainywe.

"Sina neno na wewe," akamwambia. "Kazi unayo, adabu unayo. Lakini mimi sitamtoa mwanangu siku ambayo watu wamekuja kucheka. Malizana na hao wenzako kwanza. Likishaisha, nikaha ipo."

"Nitalimaliza, Bwana Yunusi."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua atafanya nini. Hakujua hata kidogo. Huwaida akampigia baadaye, akamwambia ndugu zake wameanza kumuuliza kama mahari atalipa yeye. Alisema akijaribu kucheka, na kile kicheko kilimkaa Barka kifuani siku nzima.

Kwa hivyo lilipobandikwa tangazo la semina, Barka alilisoma kama limeandikiwa yeye peke yake. Mafunzo kwa wafanyakazi wote, kuzuia ubaguzi, unyanyasaji na uonevu kazini. Mkufunzi anatoka Nairobi. Chakula cha mchana kipo. Wenzake walisoma hapo pa chakula.

Hayat, dada wa ofisini aliyekuwa anamwita kwa jina lake hata mbele za watu, akamwambia, "Kakangu, hii ndiyo nafasi yako. Akiuliza kama kuna mwenye la kusema, simama."

"Nikisimama nikakwama?"

"Ukikwama nitakohoa. Lakini simama."

Mkufunzi alikuwa Bwana Kiprotich, kijana mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuja na projekta na maneno mazuri, na niwe mkweli, alifundisha vizuri. Alisema uonevu si lazima uwe ngumi. Alisema mzaha unaomuumiza mtu si mzaha tena, hata kama wote wanacheka, hata kama yeye mwenyewe anacheka. Barka akahisi masikio yanamwaka moto. Akatazama pembeni aone kama kuna mwingine aliyesikia alichosikia. Watu walikuwa wanatikisa vichwa, kweli kabisa, kweli kabisa.

Na mnajua nani alikuwa mwanafunzi bora? Idarus. Kila swali mkono juu. Aliyenyanyaswa afanye nini? Idarus anajua. Aliyeshuhudia afanye nini? Idarus anajua, na anatoa mfano. Bwana Kiprotich alipotaka watu waigize, Idarus akajitolea kuwa mwonewa. Akakaa kwenye kiti, akajikunja, akalia kidogo, machozi ya kweli, akapigiwa makofi na kupewa kofia ya kampuni. Barka alipiga makofi pia. Mikono ilijipigia yenyewe.

Mwishoni Bwana Kiprotich akazima projekta, akakaa juu ya meza kama rafiki. "Sasa ni wakati wenu. Hapa ni mahali salama. Kuna mtu ana jambo?"

Feni inazunguka. Hayat akakohoa, na Barka hata hakuwa amesimama.

Akasimama.

"Mimi naitwa Barka," akasema, na kuna waliocheka wakidhani ndiyo mwanzo wa kichekesho. Akaendelea. "Tangu niingie hapa sijaitwa kwa jina langu. Kuna klipu yangu, naumwa, nimefunikwa leso. Mimi nacheka mnapocheka kwa sababu sijui nifanye nini. Lakini sipendi. Sikupenda hata siku moja. Na sasa limefika mpaka kwa..."

Hapo akasita. Alitaka kusema kwa wakwe. Alitaka kusema mambo ya nikaha, ya kauli ya Bwana Yunusi, kwamba anaomba klipu ifutwe na stika zifutwe na siku ile watu wasije na leso. Yote aliyapanga kichwani tangu asubuhi, na alikuwa anatafuta tu pa kupumulia.

Idarus akainuka. Macho yalishaloa, na safari hii hakuigiza. Akavuka ukumbi, akamshika Barka mkono, akaubusu. "Nisamehe, ndugu yangu. Wallahi sikujua. Nisamehe mbele ya wote."

Barka akafungua mdomo. Mpaka leo hajui angesema nini, pengine angesema subiri.

Nyuma yao alikuwa Bwana Kamaludin, mkubwa wa wapakizi, mzee anayeheshimiwa na boti nzima, bosi akiwemo. Hapendi kuona watu wakiaibishana hadharani. Akajikuna ndevu, akasema kwa upole, "Alhamdulillahi. Ndugu wakielewana, hakuna haja ya maneno mengi. Al-Fatiha."

Mikono yote ikainuka.

Na ya Barka pia. Hapo ndipo panaponimaliza. Nyinyi mliokulia visiwani mnajua, ukisikia neno lile mikono haingoji ruhusa ya kichwa. Tangu utoto, msibani, kwenye posa, wakipatanishwa waliogombana, ikitajwa Fatiha unainua. Midomo ikaanza kusoma. Alikuwa katikati ya sura alipokumbuka hajasema kama amesamehe. Hakuna aliyemuuliza. Na huwezi kukata sura ukasema jamani ngojeni kidogo. Akaimaliza pamoja na wote, akasema Amin pamoja na wote, na sauti yake aliisikia ikiwa safi kabisa. Akapitisha viganja usoni, na vilipofika kidevuni jambo lilikuwa limekwisha.

Kwa sababu Fatiha ndiyo mwisho. Kwetu watu wakishapatanishwa ikasomwa, atakayelifufua jambo ndiye mgomvi. Hata kama ndiye aliyeumizwa.

Bwana Kiprotich alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima zote. Alipoona viganja vimeshuka akapiga makofi, uso unang'aa. "Hii ndiyo nimekuwa nikisema. Watu wa pwani mna njia zenu za kumaliza mambo. Ni nzuri sana." Akawasimamisha Barka na Idarus wakumbatiane, akapiga picha, ikaenda kwenye grupu. Mlinzi wa getini, ambaye hakuwa ukumbini, akajibu kwa nia njema kabisa. Akatuma stika ya leso.

Barka alimwahi mkufunzi nje, kabla ya gari lake. "Bwana Kiprotich, lile jambo halijaisha."

"Lakini si mmeombeana? Nilikuona, uliinua mikono."

"Ile ni dua. Ikisomwa, mtu huinua mikono."

"Sawa kabisa. Uliinua." Akamgusa bega. "Barka, kusamehe ni safari. Umeanza vizuri." Na gari likaondoka.

Kwa Bwana Kamaludin ndiko alikotoka ameinama zaidi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa huruma. "Mwanangu, mimi nilikusitiri. Ulikuwa ukitetemeka mbele za watu. Sasa Fatiha ishasomwa, wataka twende tukaifumue? Shika ndia yako, watasahau."

Hawakusahau. Idarus, haki yake tumpe, hakulitamka lile jina tena. Akimwona Barka anaweka mkono kifuani na kunyamaza, na wenzake wanaangua kicheko kwa vile alivyonyamaza. Wengine wanaliita kama kawaida. Barka akikunja uso wanamwambia, kwa upole kabisa, "Ah, si tulisoma Fatiha? Mbona una kinyongo?" Na kweli walisoma.

Akajaribu kuandika kwenye grupu. "Naomba ile klipu ifutwe." Akafuta. "Ndugu zangu, naomba." Akafuta. Hayat akaona tu anaandika, anaandika, kisha hakuna kitu. Hayat alijaribu kusema kwa niaba yake, akaulizwa kama yeye ndiye mpambe wa Bi Harusi.

Mbona asihamishie nikaha Chundwa, mtasema. Aliuliza. Nikaha ni kwa kina mwanamke, hilo halina mjadala. Na kuingia msikitini hakuna mwaliko, atakaye kuja anakuja. Mbona asiache kazi? Aache, kisha amwambie Bwana Yunusi nini, ile kazi uliyoisifu sinayo?

Akaenda barazani. Kahawa ikatiliwa tena.

"Nimesikia mmesoma Fatiha," Bwana Yunusi akasema.

"Tulisoma."

"Na bado wakuita?"

Barka akatazama kikombe. "Bado."

Mzee hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Mimi nilidhani ni jambo la kumalizwa," akasema. "Kumbe lishamalizwa na liko vilevile. Basi hapo mimi sijui tena nikuambie ulimalize vipi. Maulidi yapite. Tutaangalia."

Maulidi yamepita. Hakuna aliyesema hapana. Hakuna aliyetaja tarehe. Huwaida bado anapokea simu yake, lakini siku hizi wanazungumza mambo ya mvua na bei ya vitu. Asubuhi Barka yuko kwenye boti, amekaa nyuma kabisa, macho kwenye mbao za sakafu, anapewa hamri lake kama wote, na analila.

Sasa nyinyi. Najua mko wengi mliowahi kusamehewa watu kwa niaba yenu, kazini, shuleni, hata nyumbani, mkajikuta mmeitikia Amin. Tuandikieni hapo chini ilikuwaje na mlifanya nini kesho yake. Msitaje majina wala kampuni, tusije tukaitwa semina nyingine. Na kama yuko hata mmoja aliyeweza kulifungua tena jambo kama hilo bila kugeuzwa adui wa watu, yeye aandike wa kwanza, kwa kirefu, asiruke kitu. Kuna mtu nyuma kabisa ya ile boti atasoma kila neno.