Taa Iliyosema Usivuke

Minara ya taa ya pwani huwaka kila usiku. Taa yetu ya kivuko cha Balambala iliwaka siku za hatari tu. Mto Tana ukijaa, baba mkwe aliipandisha juu ya nguzo, na mfugaji aliyeko ng'ambo akiiona alilala huko huko na mifugo yake. Akikuta giza, alijua maji ni ya magotini, akavuka. Kioo kinene cha taa hiyo kilitoka kwenye mnara wa pwani uliobomoka. Mzee alikinunua Lamu kwa bei ya ndama, watu wakamcheka.

Mzee alipofariki, mume wangu alirithi kazi hiyo. Alinifundisha kukata utambi sawasawa usitoe moshi, na kusugua masizi kwa majivu. Tena alinikumbusha, mpaka nikachoka kumsikiliza, kwamba Tana hujazwa na mvua ya mbali, huku kwetu hakuna hata wingu.

Wakati wa vita vya serikali na waasi walioitwa shifta, alikwenda ng'ambo kutafuta ng'ombe wetu wawili waliopotea. Siku ya tatu wanajeshi wakaja.

"Kuanzia leo hii taa haiwashwi," koplo alisema. "Mnawaonyesha shifta njia."

"Wallahi afande, hii taa nasema tu maji imejaa."

"Ikiwaka, tunapiga risasi. Hatuulizi ni nani."

Kesho yake alasiri mto ulikuja mwekundu, umebeba magogo. Nilitia mafuta, nikakata utambi, nikashika kiberiti. Jua likazama. Ndani watoto wangu watatu walikuwa wakila, na nyumba yetu ilikuwa ya mikeka. Mkeka hauzuii risasi. Nikarudisha kiberiti mahali pake. Niliogopa, na sitatafuta neno la kujipamba. Nilijiambia kwamba huenda bado yuko mbali, kwamba akifika atasikia maji.

Asubuhi ng'ombe wetu wawili walikuwa wamesimama upande wetu, matope mpaka kwenye pembe. Mume wangu tulimkuta chini kidogo, amenaswa kwenye mizizi, fimbo yake ingali mkononi.

Koplo alikuja kutazama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi mpaka leo. Alivua kofia.

"Mama, si huyu ndiye mwenye taa? Mtu anayeujua mto hivi, amevukaje umejaa?"

"Aliona giza, afande."