Mwana wa Mwosha Maiti

Kwanza tulisikia gia. Gari kubwa lilikuwa likipanda mlima wa kuja Gihundwe, ukungu wa asubuhi ungali umeziba barabara. Dereva alichelewa kushusha gia, injini ikakohoa, ikanguruma upya, ikaendelea kupanda kwa shida. Wanawake waliojaa sebuleni kwetu wakanyamaza wote kwa pamoja. Mama akasema, "Huyu dereva hajui kazi," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia mvua.

Kaka yangu ndiye aliyemfundisha kusikiliza magari. Na gari hilo ndilo lililokuwa likimleta.

Jana yake alasiri askari mmoja alikuja kwa pikipiki, akavua kofia, akatuambia kwamba kifaru alichokuwa akiendesha kaka kiliungua kule kaskazini kwenye vita, kwamba yeye amekufa, na kwamba mwili ungeletwa asubuhi. Wengi walizikwa hukohuko walikoangukia. Wa kwetu alirudishwa, na watu walituambia tushukuru. Kwa hiyo usiku ulipoisha maji yalikuwa yameshapashwa moto, Baba amekata sanda kwa mkasi wake wa kazini, na Mama ametwanga kafuri mwenyewe, kwa kuwa hakukubali mkono mwingine uiguse.

Baba alikuwa fundi cherehani sokoni Kamembe, lakini mjini watu walimjua zaidi kwa kazi yake nyingine, ile ya thawabu. Akifa mwanamume wa Kiislamu, aliyeitwa kumuosha ni yeye. Alirudi nyumbani akinukia kafuri, akala kimya, na hakusema alichokiona. Wafiwa walikuwa wakimuuliza, "Mzee, alikuwaje?" Kama uso ulitulia, alisema umetulia. Kama haukutulia, alisema, "Mumuombee." Hakumdanganya mtu, na ndiyo sababu watu walimwita.

Kaka hakutaka sindano wala josho. Alitaka injini. Alishinda kwenye gereji iliyokuwa karibu na kituo cha magari, akarudi na mikono myeusi, na wakati wa kula aliinua kidole hewani: "Musikilize. Ile pikipiki cheni yake inalia." Sisi tuliona ni upuuzi. Lakini baada ya muda hata Mama alianza kutofautisha lori la bia na lori la saruji kabla hayajapita mbele ya nyumba, na alijisifu kwa majirani.

Alipoingia jeshini walimweka kwenye vifaru kwa kuwa alikuwa mfupi na kwa kuwa alijua injini. Alikuja likizo wakati wa mavuno ya maharagwe, amenenepa mabega, sare yake imepigwa pasi hadi inakata. Majirani walikuja kumtazama kama bwana harusi. Nilimuuliza jinsi anavyoiona njia akiwa mle ndani.

"Kuna kioo, chembamba hivi." Akanionyesha kwa vidole viwili. "Lakini miye naendesha na masikio."

"Na joto?" Mama akauliza.

"Maman, weye unapika wali kila siku, unauliza joto? Mule tuko kama wali. Banatufunika, tunaiva polepole."

Akacheka mpaka akakohoa. Baba hakucheka. "Huo mudomo wako," alisema, "siku moja utakukata."

"Papa, niko salama kuliko nyinyi bote hapa. Risasi ikikuja inapiga hodi tu, inarudi kwao."

Tangu siku ile Mama hakufunika tena sufuria ya wali. Ulitoka mgumu, umekauka juu, nasi tukaula bila neno. Ilipopiga radi upande wa Bukavu, alitoka nje akasimama akilitazama ziwa na milima ya ng'ambo, mpaka ahakikishe kwamba ni radi kweli. Mimi nilipata hofu ya aina yangu. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na kwetu nililiomba kimoyomoyo: usisimame, usisimame. Yakapita magari mengi. Nikaanza kuamini kwamba ni dua yangu inayoyasukuma.

Hilo la asubuhi ile lilisimama.

Walishusha sanduku la mbao mpya, limepigiliwa misumari pande zote, wakaliingiza kwenye chumba cha wavulana. Pamoja nalo walikuja luteni mmoja na askari kijana wa Nzahaha, mikono yake miwili imefungwa bendeji mpaka viwikoni. Alikuwa mpiga mzinga kwenye kifaru kilekile. Yeye alitokea juu. Kaka alikuwa mbele, chini.

Baba akamshukuru luteni, kisha akaomba nyundo ya kung'olea misumari.

"Mzee," luteni akasema, "sanduku halifunguliwi."

"Mimi ndiye ninaosha maiti wa hapa."

"Najua, Mzee. Wameniambia njiani. Ndiyo maana nakuomba badala ya kukuamuru."

Mama, aliyekuwa amekaa mkekani, akainuka. Hakuwa amelia bado, tangu jana. "Afande, mutoto wangu ni mufupi. Hili sanduku ni refu. Ni yeye kweli?"

"Ni yeye, Maman."

"Ulimuona?"

Luteni akatazama viatu vyake. Mpiga mzinga akatazama dirisha.

"Mimi sililii mbao," Mama akasema. Akamgeukia Baba. "Muoshe weye. Ukiniambia umemuosha, nitajua ni yeye, nitalia, tutamuzika. Weye haudanganyaka watu. Lakini kama haukumugusa, usiniambie amekufa."

Hapo ndipo hofu ilipogawanyika ndani yangu kama maji kwenye jiwe. Niliogopa walifungue sanduku lile. Niliogopa zaidi wasilifungue, kwa maana nilimjua Mama: angekaa miaka yote iliyombakia akisikiliza barabara, akisubiri gari ambalo dereva wake anajua kazi.

Baba alimtazama luteni kwa muda, na luteni, sijui kwa huruma au kwa kuchoka, akatoka akaenda kusimama uani. Baba akachukua ndoo ya maji, beseni, kopo na sanda. Nyundo pia. Akamwita yule kijana wa bendeji aingie naye, akashusha pazia.

Nilikaa karibu na pazia kuliko wote. Nilikaza meno nikingoja mlio wa misumari ikichomoka kwenye mbao. Niliungoja kwa mwili mzima. Haukuja. Ilikuja sauti ya Baba, ya chini sana, ambayo nadhani haikufika kwa mwingine yeyote:

"Mwanangu, uniambie kweli. Kuna cha kuosha?"

Nilisikia kijana akivuta pumzi, akivuta tena, kisha kitu kama mtu anayezuia kikohozi kwa nguvu. Nikafumba macho. Hata hivyo niliona. Kwa siku nyingi baadaye niliendelea kuona ambacho sikuonyeshwa.

Kisha maji yakaanza. Kopo likachota, likamwaga, maji yakaanguka ndani ya beseni tupu. Yakatua kidogo, yakamwagwa tena, kwa mwendo uleule wa kuoshea, upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, na Baba akisoma taratibu kana kwamba mbele yake kuna mabega, kuna mgongo, kuna miguu ya mtoto aliyewahi kumuogesha. Wanawake wakainamisha vichwa. Mmoja akasema, "Alhamdulillahi, anaoshwa."

Alipotoka, mikono ya kanzu yake ilikuwa inadondoka maji. Sanda ilikuwa imetandazwa juu ya sanduku.

"Umemuosha?" Mama akauliza.

"Nimemuosha."

"Uso wake?"

"Umetulia."

Mama akafungua pindo la kitenge chake. Ndani kulikuwa na kafuri, imefungwa kwenye karatasi, fundo lake halijaguswa. Ndiyo inayotiwa kwenye maji ya mwisho, na mwosha maiti hamalizi josho bila hiyo. Katika miaka yake yote Baba hakuwahi kuisahau, na siku hiyo hakumtuma mtu aje kuichukua. Aliitazama.

Niliogopa Mama atapiga kelele, atalirukia sanduku, ataitisha nyundo. Alifunga pindo lake upya, polepole, akalichomeka kiunoni.

"Vizuri," akamwambia. "Basi ametulia."

Kisha akalia. Ilikuwa sauti ambayo sijapata kuiandika vizuri, na nimejaribu. Mtu asiyedanganya wafiwa alikuwa amemdanganya mkewe, na kwa uongo ule Mama akafahamu kilichokuwa ndani kuliko kama wangemfungulia. Hakuuliza tena kuhusu urefu wa sanduku.

Wanaume wakalibeba. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo tulibaki ndani huku wakipita mbele yetu, mabega yakigusana kwenye kizingiti. Kijana wa Nzahaha, asiyeweza kushika kitu, alitoka wa mwisho, mikono yake myeupe ameikumbatia kifuani.

Mama akainuka, akaenda mlangoni. Wanawake wawili wakamfuata kumzuia, wakidhani anataka kwenda nao.

"Maman, acha wazi," mmoja akamwambia. "Batu bado banakuja kwa kilio."

"Batakuja," akajibu. "Kwanza mutoto wangu atoke."

Akaweka viganja viwili kwenye mbao, akausukuma mlango mpaka komeo likaingia.