Machozi ya Evarista na Wanawake Thelathini na Mmoja wa Ilomba

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Iringa bado haijaachia, Evarista Kalinga anapita nyumba kwa nyumba mtaani Mlandege akiwa amejifunga kanga mbili juu ya sweta. Anabisha hodi, anasalimia "Kamwene", kisha anatoa tangazo lile lile.

"Leo saa tatu nitalia hapo kwa Mwalimu Sedekia. Msije. Ni picha tu."

Nyumba ya sita, bibi mmoja anayechambua maharage anamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Na ukilia sana, je?"

"Hata nikilia sana, bibi. Msije."

"Makubwa haya," anasema bibi, na kurudi kwenye maharage yake.

Evarista ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na mmoja ameigiza filamu zaidi ya arobaini, zile zinazopigwa kwa kamera moja na kuuzwa kwenye flashi stendi na sokoni. Humo amezika waume kumi na tisa. Hiyo ndiyo kazi anayoitiwa: kulia. Kwa siku mbili za kulia analipwa Sh70,000, nauli ya kutoka Mbeya na kurudi ikiwa humo humo.

Saa tatu analia. Analia mara nne, kwa sababu mara ya kwanza jogoo amewika, ya pili wingu limepita, na ya tatu aliyelala kwenye jeneza amepiga chafya. Mwongozaji, Gideoni, akishasema "Kata!", Evarista anapenga kamasi kwa ncha ya kanga na kuomba maji ya moto. Sauti imekauka.

"Nimechoka," anasema, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Hapa nalia uongo mpaka koo linauma. Nyumbani kwenye misiba ya kweli siwezi kulia. Nitalia na nani ataniamini?"

Nyumbani ni Ilomba, jijini Mbeya, anakoishi na mama yake, Bibi Esta, mwenye miaka themanini na mitatu na moyo uliochoka. Huko ndiko yalikomkuta.

Ilikuwa Agosti, mwaka juzi. Gideoni alikuwa na hadithi ya binti aliyefiwa na mama, na hakuwa na hela ya kukodi nyumba. Evarista akajitolea kutoa uwanja wa nyumba yake. Wakamwarifu mjumbe wa mtaa, naye akaahidi kuwatangazia watu. Asubuhi yake mjumbe akaenda Igawa kununua mchele, na tangazo akaenda nalo.

Evarista akalia. Waliokuwepo wanasema hajawahi kulia vile. Majirani walijua Bibi Esta ni mgonjwa, na walipomsikia binti akimlilia mama, nani angekaa? Wanawake wa kikundi chao cha kufa na kuzikana walifunga vibanda. Wakaja na kuni kichwani, unga kwenye ndoo, mmoja na kuku wake kwapani. Mwenyekiti wao, Mama Asukile, alianza kulia tangu njiani na kujitupa chini mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Esta akatokea na fimbo yake. "Jamani, kafa nani?"

Mama Asukile anauza ndizi barabarani, na mpaka leo hajasahau. "Nilimlilia mtu mzima mzima! Kwetu hiyo ni kumwitia mtu kifo. Ndizi zangu nimeziacha barabarani, nimegaragara kwenye vumbi, kumbe kijana ananipiga kamera. Aibu gani ile?"

Unga waliouleta hawakukubali kuurudisha, maana kilichopelekwa msibani hakirudi nyumbani. Evarista aliupeleka kanisani, ndoo kwa ndoo, peke yake. Jumapili iliyofuata kikundi kilimfuta jina, na la mama yake pia.

Asiyejua maisha ya mtaa anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini kikundi ndicho kinacholeta turubai, sufuria, watu wa kupika na watu wa kukesha na mfiwa. Kuzikwa bila watu ni kuzikwa vibaya, na Bibi Esta tangu Machi hatoki kitandani bila kushikwa.

Kwa hiyo kwa miaka miwili sasa, kila ukitokea msiba Ilomba, Evarista anakwenda bila kuitwa. Hakai mkekani na wenzake. Anaosha sufuria. Anasugua masizi kwa majivu mpaka kucha zinauma, na halii.

Mwezi uliopita, msibani kwa Mzee Saulo, Mama Asukile alimsogelea. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile.

"Evarista, mbona hulii? Mzee si alikuwa anakupa mboga?"

"Nikilia mtasema naigiza, mama."

Mama Asukile alimsogezea sufuria nyingine na kuondoka. Siku tatu baadaye alituma ujumbe kwamba suala lake litazungumzwa Jumapili hii, baada ya ibada.

Nilipomuuliza Mama Asukile wataamua nini, alipanga ndizi zake upya kwanza. "Ameosha masufuria mengi yule," alisema. "Wapo wenye hasira bado. Mimi ni mtu mmoja."

Gideoni ameshaambiwa kwamba Evarista hataki tena nafasi za kulia. Anataka kuigiza hata mama muuza mkaa, mtu mwenye mdomo wake. "Wateja wanataka machozi yake," anasema Gideoni, akikunja nyaya. "Nifanyeje?" Evarista anakunja kanga zake na kuwahi basi la Mbeya.

Kabla halijaondoka anampigia mama yake, na kuniwekea simu sikioni nimsikie. Sauti ya Bibi Esta ni ndogo, ila bado ina utani.

"Wewe ndiye wa gazeti? Basi andika. Watu wengine wanakufa bila kujua nani angekuja. Mimi nimeona kwa macho yangu. Niliwahesabu pale mlangoni: thelathini na mmoja, na kuku. Nawataka hao hao."

Evarista anachukua simu. "Jumapili, mama. Nitawaomba tena."

"Waombe. Na siku yangu ikifika, mwanangu, wewe nyamaza. Umelia vya kutosha. Waache walie wao."