Kifua kilinibana kila nikitoka kwa punda wangu, nikamshuku jirani

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana wengi humu ni wanangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Issuna. Sikuhadithiwa na mtu.

Shule niliishia la tatu. Nyumba, shamba la alizeti, mkokoteni, vyote nimevitafuta kwa mikono hii. Na punda wangu jike, Sichoki. Huyo kavuta kila tofali la nyumba ninayolala.

Sasa wezi wa punda wakaanza kupita huku. Unaamka zizi tupu, porini unakuta kwato tu, ngozi imeondoka.

Na jirani yangu Ntandu akawa anauliza sana. "Mzee mwenzangu, Sichoki analala wapi siku hizi?"

Mara ya kwanza nilimjibu. Mara ya tatu nikajiuliza, huyu ana shida gani na usingizi wa punda wangu?

Nikafanya kama wazee wetu kwenye tembe, mifugo ndani. Sichoki nikamhamishia chumba cha pili, ukuta mmoja na kitanda changu, na ule ukuta haujafika kwenye bati. Majani makavu ya karanga na mashudu nikarundika humohumo. Nikawa namsikia anavyotafuna. Raha tupu.

Wiki chache tu, kifua kikaanza. Chafya, macho yanawasha, halafu kinabana kinapiga filimbi. Pumu nilikuwa nayo utotoni, nikadhani iliisha.

Mbaya wangu nikamjua palepale. Ntandu alikuja kuazima jembe, akasimama mlangoni muda mrefu. Nikasema tayari, kaweka kitu. Anataka nife achukue punda.

Nikachimba kizingiti chote mchana kweupe. Nikapata soli ya ndala.

Basi kitanda nikakisogeza kabisa kwenye ukuta wa punda, nisije nikaugua huku naibiwa. Hali ikazidi.

Binti yangu akanichukua kwake Singida Mjini. Punda akabaki na mdogo wangu. Siku ya nne napumua kama kijana. Nikamwambia binti, unaona, dawa ya Ntandu haifiki mjini.

"Baba, na punda je? Yeye amefika mjini?"

Nikamwambia anyamaze.

Akanipeleka hospitali, daktari akanisikiliza kifua, akauliza nalala na nani. Nikamwambia mimi mjane.

"Siulizi hiyo mzee. Kuna mnyama ndani?"

Nikashtuka. Nani kamwambia? Kumbe kaona manyoya kwenye koti langu. Akasema ni pumu na aleji, vumbi la malisho na manyoya ndivyo vinavyoiamsha. Akanipa pampu ya kuvuta, akasema punda atoke ndani.

Sikumwamini. Mimi kitu nakijaribu mwenyewe.

Nikarudi nyumbani nikasubiri mpaka Ntandu akaenda msibani Manyoni. Nikaingia kwa Sichoki, nikaanza kumsugua mgongo. Upande mmoja sikumaliza. Nilitoka natambaa, natafuta pampu mfukoni, dunia inazunguka. Na Ntandu yuko Manyoni.

Wakuu, hapo sikuwa na mtu wa kumlaumu. Ila punda akilala nje anachinjwa, akilala ndani nakufa mimi. Zizi la mawe lenye mbwa wakali hapa kwetu ni moja tu, la Ntandu.

Aliporudi nikamfuata. Nikamwambia, Sichoki alale kwako.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Si ndicho nilichokuwa nakuuliza miezi yote? Nilitaka alale na wa kwangu."

"Mbona hukusema?"

"Ungenisikia wewe? Kijiji kizima kilikuona unachimba kizingiti."

Siku hizi majani nayamwagia maji kwanza vumbi litulie. Kumsugua kumekuwa kazi ya mdogo wangu. Navaa barakoa, koti la kazi linabaki nje, pampu haitoki mfukoni.

Nilichojifunza: mimi ndiye niliyemlaza ugonjwa ubavuni kwangu, kwa kumkimbia mtu aliyetaka kunisaidia. Kifua kikibana nenda hospitali kwanza, jembe liache.

Lakini kila asubuhi naenda zizini kwake, nasimama upande upepo unakotokea, namwita Sichoki. Jana Ntandu akaniuliza, "Umekuja kumwona punda, au kunichunguza mimi?"

Nikamwambia vyote viwili.

Haya, wenye pumu na mifugo semeni ninyi mnaishije. Na wa kucheka soli ya ndala wacheke, nimeshazoea.